Mahubiri Huishia Wapi?



Katika vigango vyetu vingi, watoto wa mafundisho wakutanapo na mwalimu wao baada ya Dominika, swali la kwanza huwa ni hili: "Padre alihubiri nini?" Wengi huinamisha vichwa. Mmoja mwenye ujasiri huinua mkono na kusema: "Alisema tupendane." Mwalimu hujua kwamba mtoto amebahatisha, lakini hana la kumkosoa, maana ni vigumu kupata mahubiri ambayo jibu hilo haliyafai. Nasi watu wazima tukiulizwa swali hilohilo njiani, hatumshindi mtoto huyo. Husema: "Ah, leo Padre alihubiri vizuri sana!" Mwenzetu akitaka kujua hayo mazuri ni yapi, twajibu kwamba ni mengi, kisha twabadili mazungumzo.

Hatusemi haya ili kuwacheka waamini. Sisi tunaosimama mimbarini tunayo sehemu yetu kubwa ya lawama, na tutafika huko. Twayasema kwa sababu twapenda leo kutafakari pamoja nanyi swali lililo nyuma ya swali la mwalimu. Yeye huuliza Padre alihubiri nini. Sisi twauliza: mahubiri ya Padre yaliishia wapi? Je, yaliishia kwenye neno "Amina"? Yaliishia mlangoni mwa kanisa, tulipoanza kusalimiana na kuulizana bei ya mahindi? Au yalifika nyumbani, yakaketi nasi mezani, yakaamka nasi siku ya Jumatatu?

Maana ya homilia

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Mahubiri yatolewayo katika Misa baada ya Injili, Kanisa huyaita homilia. Neno hilo latoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ya asili si hotuba. Maana yake ni mazungumzo, maongezi ya watu walio karibu. Mwinjili Luka alitumia neno la jamii hiyo aliposimulia habari za wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau siku ile ya Ufufuko (Lk 24:13-35). Walikuwa wakizungumza njiani juu ya mambo yaliyotukia Yerusalemu, na nyuso zao zilikuwa na huzuni. Bwana akajiunga nao, wala wao hawakumtambua.

Tazameni jinsi alivyofanya. Kwanza aliwauliza wanazungumza nini. Kisha akawasikiliza mpaka mwisho, hata walipomsimulia habari zake mwenyewe kana kwamba hazijui. Ndipo akawafafanulia Maandiko. Walipofika kijijini aliketi nao mezani, akautwaa mkate, akaumega, nao wakamtambua. Saa ileile, ingawa jioni ilikuwa imekwisha kuingia, wakaondoka wakarudi Yerusalemu kuwapasha wenzao habari. Homilia ile haikuishia njiani ilikoanza, wala haikuishia mezani. Iliishia katika miguu ya watu wawili waliochoka, waliokubali kurudi njia ndefu usiku kwa sababu walikuwa na neno la kuwapelekea wengine.

Luka alitumia neno hilo tena katika Matendo ya Mitume, alipoeleza mkutano wa Wakristo kule Troa (Mdo 20:7-12). Mtume Paulo alizungumza nao mpaka usiku wa manane, na kijana mmoja jina lake Eutiko, aliyekuwa ameketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo akashuka, akamkumbatia, na kijana akawa hai. Sisi mapadre twaisoma habari hii kwa kicho, maana Paulo aliweza kumrudisha kijana yule, na sisi twajua uwezo wetu. Pengine ndiyo sababu Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya mwezi Juni 2024, alituhimiza kwamba homilia isizidi dakika nane. Mapadre wengine waliposikia hayo walitabasamu tu. Waamini walipiga makofi.

Wakristo wa kwanza walielewa vema kwamba mazungumzo hayo ya Dominika yana safari yake. Mtakatifu Yustino Mfiadini, aliyeandika kule Roma mnamo mwaka 155, alimweleza Kaisari jinsi Wakristo wanavyokutana. Siku ya Jua, asema, watu wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja. Husomwa maandiko ya Mitume au ya Manabii kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akisha kumaliza, mwenye kuongoza huwaonya watu na kuwahimiza wayaige mema waliyoyasikia. Kisha wote husimama na kusali, mkate na divai huletwa, na Ekaristi hugawiwa. Baada ya hapo wenye uwezo hutoa, kila mtu kwa hiari yake, na sadaka hizo huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Twaombeni muushike utaratibu huo: Neno, kisha Meza, kisha yatima na mjane. Yustino hakueleza mambo matatu yaliyotengana. Alieleza njia moja, ambayo mtu hutoka katika kusikia, akapita katika kumpokea Kristo, akafika kwa mwenye shida. Mahubiri yanayokatika kabla ya kumfikia yatima ni kama barabara iliyojengwa nusu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe, na kwamba isiachwe siku za Dominika na sikukuu za amri pasipo sababu nzito. Hati hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa lugha za watu katika ibada. Wazee wetu wanakumbuka masomo yaliposomwa kwa Kilatini, nao wakiwa wameshika rozari zao, wakingoja kengele. Sisi twalisikia Neno katika Kiswahili tunachokielewa. Udhuru wa kutoelewa umekwisha.

Mhubiri mwenyewe

Wahenga walisema: mganga hajigangi. Hapo ndipo hatari ya kwanza ya mhubiri ilipo, na hatuna budi kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado vijana katika upadre, tulipewa parokia ya shamba yenye vigango tisa. Katekista wa kigango kimoja, mtu wa makamo, baba wa watoto watano, alikuwa akileta zaka za kigango chake kila mwezi zikiwa zimefungwa katika kitambaa, pamoja na daftari lake. Mwezi mmoja tulipojumlisha tuliona upungufu. Hatukumwita faraghani, kama Bwana anavyoagiza katika Injili ya Matayo. Dominika iliyofuata tulikwenda kigangoni kwake, na wakati wa matangazo tukasema mbele ya watu wote kwamba fedha ya Mungu si ya kuchezewa, na kwamba daftari na kitambaa havikubaliani. Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja ya kulitaja, maana kigango kizima kilikuwa na daftari moja. Mwalimu yule alikuwa amesimama karibu na altare, ameshika kitabu cha nyimbo. Hakujibu neno. Baada ya siku chache alileta funguo za kanisa parokiani, akaziacha kwa mpishi wetu, akaenda zake.

Majuma kadhaa yalipita. Siku moja, tulipokuwa tukipitia vitabu vya parokia, tuliona kwamba sisi wenyewe tuliandika sehemu ya zaka za kigango kile katika ukurasa wa kigango kingine. Fedha ilikuwapo yote. Basi, ndugu wapenzi, hapo ndipo tulipotenda kosa kubwa kuliko lile la kwanza: tulinyamaza. Tulisahihisha kitabu kwa kalamu, lakini hatukumrudishia mtu jina lake. Tulijiambia kwamba watu wakijua Padre amekosea, heshima ya upadre itapungua. Kiburi chetu tulikiita busara.

Ikawadia Dominika yenye Injili ya mtumishi asiyesamehe (Mt 18:21-35), nasi ilikuwa zamu yetu kwenda kigango kilekile. Tulijiandaa vema. Tuliwaeleza watu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa hiyo mtumishi aliyedaiwa talanta 10,000 angehitaji kufanya kazi siku milioni 60 ili kulipa deni lake. Mwenzake alidaiwa dinari 100 tu, deni la miezi mitatu na siku chache. Aliyesamehewa lile la kwanza alimkaba koo mwenzake kwa hili la pili! Watu walisikiliza kwa utulivu mkubwa, nasi, Mungu atusamehe, tulifurahia sauti yetu wenyewe.

Baada ya Misa, bibi mmoja mzee aliyetembea kwa mkongojo alitungoja chini ya mwembe. Tulimwamkia, akatuitikia. Kisha akasema taratibu: "Baba Padre, leo nimesikia hesabu za ajabu. Siku milioni sitini! Sasa nauliza, Baba, mwalimu wetu atarudi lini?"

Bibi yule hakujua lolote juu ya kitabu chetu cha hesabu. Alidhani mwalimu ndiye mkosaji, na kwa upole wake alikuwa akimwombea msamaha kwetu. Hakujua kwamba aliyesimama mbele yake ndiye mdeni.

Twasikitika kusema kwamba hatukwenda siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu tulipanda pikipiki, tukamkuta mwalimu akipalilia mihogo yake. Tulimweleza yote, tukamwomba msamaha palepale juani. Akaweka jembe chini, akasema: "Baba, mimi nilikwisha kukusamehe zamani. Nisingefanya hivyo, sala ya Baba Yetu ningeisalije? Lakini mwanangu mkubwa aliniona siku ile nikiaibishwa, na amesema kanisani haingii tena. Huyo, Baba, siwezi kukusamehea kwa niaba yake."

Dominika iliyofuata tulisimama mahali palepale, wakati uleule wa matangazo, tukasema kwamba kosa lilikuwa letu. Mwalimu alirudi kazini. Mwanawe hakurudi. Tulimtembelea mara nyingi. Alitupokea kwa adabu, akatupa kiti na maji ya kunywa, lakini kwa muda wote tuliokaa katika parokia ile hatukumwona tena kanisani. Twamwombea mpaka leo.

Je, mahubiri yetu ya Dominika ile yalikuwa ya uongo? La hasha. Neno ni la Mungu, na dhambi ya mhubiri hailigeuzi kuwa uongo. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba mtu asemaye vema na kuishi vibaya aweza kuwafaa wengi wanaomsikiliza, lakini yeye mwenyewe hapati faida. Aliongeza kwamba maisha ya mhubiri yana uzito kuliko ufasaha wake wote. Naye Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake Evangelii Nuntiandi wa mwaka 1975, alieleza kwamba watu wa nyakati zetu hushawishika zaidi na ushahidi wa maisha kuliko na ufundi wa kufundisha. Wazee wetu wa pwani wamelisema hilo kwa maneno machache: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Kwa hiyo, ndugu mapadre, mashemasi na makatekista, tunapofungua Kitabu Jumamosi jioni, swali letu la kwanza lisiwe, "Kesho nitawaambia nini watu?" Liwe, "Neno hili linanidai nini mimi?" Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, aliandika kwa kirefu juu ya homilia, akatukumbusha kwamba mhubiri huguswa kwanza yeye na lile atakalowagusa nalo wengine, na kwamba hana budi kuwasikiliza watu pia ili ajue wanaishije. Tungalimsikiliza bibi yule kabla ya Misa, pengine tungalihubiri maneno machache zaidi, na kwenda kwa mwalimu mapema zaidi.

Wajibu wa wasikilizaji

Baada ya kukiri deni letu, twaomba ruhusa kuzungumza na ninyi mnaoketi vitini. Katika mfano wa mpanzi (Mk 4:1-20), mpanzi ni mmoja na mbegu ni ileile. Kinachotofautiana ni udongo. Kusikia, basi, ni kazi, kama vile kupokea mbegu kulivyo kazi ya shamba lililolimwa.

Wapo wanaotoka nje mara tu Injili inapokwisha, wakasimama chini ya mti mpaka wasikie "Nasadiki". Wapo wanakwaya wanaoutumia wakati wa homilia kupanga nyimbo za sadaka, na siku hizi wapo wenye simu, ambao vichwa vimeinama lakini si kwa sala. Hao wote ni njia, na ndege wanawajua. Lakini yuko msikilizaji mwingine ambaye hutega masikio tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado Neno halimwingii. Huyo husikiliza kwa ajili ya jirani yake. "Leo Padre amempata fulani barabara!" Au: "Laiti mume wangu angalikuwapo ayasikie haya!" Amepokea mbegu mikononi, akaitupa yote katika shamba la mwenzake.

Ile miiba nayo yataka kuelezwa. Bwana aliitaja kuwa ni shughuli za dunia, udanganyifu wa mali na tamaa za mambo mengine. Tuangalie vizuri: shughuli si lazima ziwe dhambi. Ada ya shule ni haki ya mtoto. Mahari ni jambo la heshima. Mpaka wa shamba hauna budi kujulikana, na deni la dukani sharti lilipwe. Mambo haya ni halali, lakini huota kwa kasi kuliko mche wa Neno, yakaunyima mwanga. Mkulima hapalilii mara moja kwa mwaka. Naye Mtume Yakobo amfananisha mtu asikiaye bila kutenda na mtu ajitazamaye uso katika kioo, akaenda zake, na mara akasahau jinsi alivyo (Yak 1:22-25).

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo madogo, kasoro za kawaida za Wakristo wa kawaida. Laiti ingekuwa hivyo! Nchi zetu za Maziwa Makuu zimefundishwa jambo hili kwa machozi. Tarehe 10 Aprili 1994 ilifunguliwa huko Roma Sinodi Maalumu ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyotupatia lile jina zuri la Kanisa kama Familia ya Mungu. Siku tatu kabla, tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa. Watu waliokimbilia makanisani, kama vile Nyamata na Ntarama, waliuawa humohumo ndani, na makanisa hayo leo ni mahali pa kumbukumbu. Wengi wa walioua na wengi wa waliouawa walikuwa wamesikiliza Injili zilezile, katika Dominika zilezile. Lakini kulikuwa na sauti nyingine pia masikioni mwao, kituo cha redio cha RTLM, kilichopanda chuki siku baada ya siku. Sisi tunaozungumza nanyi kwa njia ya redio hatuwezi kulisahau jambo hilo. Chombo ni kilekile. Hatuwahukumu ndugu zetu wa Rwanda. Twajiuliza sisi: mbegu yetu imefika chini kiasi gani? Neno likisema hili, na kabila likasema lile, twamtii nani?

Na palepale jirani, katika Burundi, lilitolewa jibu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika Seminari Ndogo ya Buta, kusini mwa nchi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa kutengana. Waseminari 40 waliuawa. Walikuwa wanafunzi tu, wenye kupenda mpira na muziki kama wanafunzi wote. Lakini katika miaka ile ya vita walezi wao walikuwa wamewazoeza kuzungumza waziwazi juu ya chuki ya kikabila, bila kufichana, mpaka wakawa ndugu kwelikweli. Kumbukeni tulivyosema mwanzoni kwamba homilia maana yake ni mazungumzo. Mazungumzo ya Buta yaliishia wapi? Yaliishia bwenini, alfajiri, mbele ya bunduki, na hayakukatika.

Wenye kulifikisha Neno

Twapenda kuwaambia neno ninyi makatekista, maana katika vigango vya mbali ninyi ndio mnaosikika Dominika nyingi, na Padre ni mgeni. Sheria ya Kanisa inamwekea padre au shemasi homilia ya Misa. Lakini mahali ambapo Padre hafiki, katekista huongoza Ibada ya Neno na kuwaeleza waamini Maandiko kadiri ya maagizo ya Askofu. Kazi hiyo si kiraka cha kuzibia pengo. Baba Mtakatifu Fransisko aliithibitisha tarehe 10 Mei 2021, alipoanzisha rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima kwa barua yake Antiquum Ministerium, ambayo jina lake lenyewe lasema kwamba huduma hii ni ya kale.

Kwetu Afrika ya Mashariki twaijua tangu mwanzo. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, lakini mwaka 1882 walilazimika kuondoka, wakavuka kwenda upande wa kusini wa ziwa, wasirudi mpaka mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa wala mahubiri ya padre. Nani aliyelieleza Neno? Ni walei, wengi wao Wakristo wapya kabisa: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika jumba la Kabaka, Andrea Kaggwa miongoni mwa jirani zake, Matias Kalemba Mulumba kule Mityana. Mapadre waliporudi walikuta waamini na wakatekumeni wameongezeka. Nao walimu hao hawakuwa wasemaji tu. Kabaka Mwanga alipoamuru Askofu Mwanglikana James Hannington auawe mwaka 1885, Yosefu Mukasa alimwonya mfalme wake uso kwa uso, na tarehe 15 Novemba mwaka uleule aliuawa. Karoli Lwanga akachukua nafasi yake ya kuwafundisha vijana wa jumba la mfalme, mpaka naye akauawa mwaka 1886. Wote hao waliandikwa katika orodha ya Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mahubiri ambayo wamisionari waliyaacha nusu, walei waliyamaliza.

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo matatu, na yote ni mepesi.

Kwanza, baada ya homilia tukae kimya kidogo, na kila mmoja achague neno moja tu. Asichague matano. Mkulima mwenye shamba dogo hapandi magunia.

Pili, neno hilo lipewe tendo moja kabla ya Jumatano. Kama neno ni msamaha, tendo ni safari ya kwenda kwa mtu fulani mwenye jina. Tukingoja zaidi, litatupata lile lililotupata sisi: siku tatu za kuchelewa huongezeka juu ya majuma ya ukimya, na katikati yake kijana mmoja hupotea.

Tatu, tuzitumie Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa nchi zetu katika umoja wao wa AMECEA walizifanya kuwa msingi wa uchungaji mwaka 1976, na hawakukusudia ziwe mahali pa kuchanga fedha tu. Jumuiya inapokutana, kabla ya kusoma Injili ya Dominika ijayo, mwenyekiti aulize kwa upole: "Neno la Dominika iliyopita tumelifanyia nini?" Mara ya kwanza watu watanyamaza. Aulize tena juma linalofuata.

Na yule mtoto wa mafundisho tuliyeanza naye? Kesho akiulizwa Padre alihubiri nini, naye akajibu kwamba alisema tupendane, mwalimu asimkemee. Jibu ni sahihi. Amwulize tu swali moja zaidi: "Na wewe, mwanangu, tangu Dominika umempenda nani?" Kisha mwalimu ajiulize hilohilo, naye Padre ajiulize, na kila mmoja wetu anayesikiliza asubuhi hii.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.